Domnishoara na Tulipu Sita

Najua gazeti la wiki iliyopita limeshafungiwa jibini, kwa hiyo nitawakumbusha kwa ufupi, kisha tuendelee na aibu mpya.

Mimi ni Sanziana Boldea, umri miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni, mkosaji. Mama yangu yuko Italia mwaka wa sita huu. Anamtunza mzee mmoja wa Bergamo ambaye kila mwaka madaktari wanasema hafiki Krismasi, na kila mwaka anafika. Bibi yangu, aliyeachiwa mimi, yeye hakufika.

Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi kondoo wa mlinzi alivyokutwa katika chumba cha walimu amevaa skafu ya mkuu wa shule. Nikapewa onyo la mwisho. Matroni wetu akatia saini kwamba atanidhamini yeye.

Matroni huyo ndiye habari ya leo. Nilimtendea jambo. Nalitubu hapa gazetini kwa sababu padre wetu ni kiziwi, na nyinyi angalau mnasoma.

Jina lake Aglaia Crudu. Ana miaka hamsini na minane, na thelathini na mitatu kati ya hiyo ameitumia kutuhesabia mashuka. Hajaolewa. Kila mtu humwita Domnishoara, maana ndivyo anavyoitwa kwa adabu msichana ambaye bado yuko mikononi mwake mwenyewe. Akishaolewa ni Doamna. Mvi zikianza kuonekana, watu huanza kukuita Doamna hata kama hakuna mume popote. Ni huruma tu.

Domnishoara Aglaia haitaki huruma hiyo.

Mwaka jana alikuja tarishi mpya, kijana mwenye masikio makubwa.

“Doamna, barua yako.”

Domnishoara aliendelea kukunja foronya.

“Doamna! Barua!”

Foronya nyingine.

“Mama, husikii?”

“Mama wa nani?”

“Samahani, Doamna, nilikuwa…”

“Kijana, harusi yangu ilikuwa lini? Nauliza kwa sababu mimi sikualikwa.”

Wasichana thelathini tulikuwa tumejazana ngazini, tumeziba midomo kwa mikono. Tarishi alitutazama, akamtazama yeye, akavua kofia.

“Domnishoara,” akasema, jasho linamtoka.

“Naam, mwanangu. Weka hapo mezani. Umekula?”

Ndivyo alivyokuwa. Hata salamu ya “nabusu mkono”, ambayo kwetu hupewa wake za watu na wazee, aliikataa. Ni salamu inayomwongezea mtu miaka kumi papo hapo, kama ile shikamoo yenu akipewa dada ambaye bado anajiona dada.

Lakini neno lile hakujiwekea peke yake. Alitugawia. Ukiingia bwenini kwake una miaka kumi na minne, chunusi usoni na machozi ya nyumbani, tangu siku ya kwanza wewe ni Domnishoara. “Domnishoara Boldea, njoo uchukue shuka.” “Domnishoara Boldea, pua.” Hata siku niliyotapika ndani ya kiatu cha mwenzangu aliniambia, “Domnishoara Boldea, leta kiatu hicho,” kwa sauti ambayo ungedhani nimealikwa chai.

Hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Mjini sisi ambao wazazi wetu wako nje huitwa “wale wa Italia”. Mwalimu wa hesabu huniita “wewe wa nyuma”. Mama kwenye simu bado huniita kadudu, kwa sababu aliniacha nina miaka kumi na hajaletewa taarifa nyingine.

Kila Ijumaa mchana bweni zima hurudi makwao. Ghorofa tatu, vitanda tisini na sita, wanabaki watu wawili: mimi na Domnishoara.

Jumamosi alikaanga chapati za maji, tukazipaka jamu ya plamu, tukacheza karata mezani kwake. Mimi nilikuwa naiba. Yeye alikuwa anajua.

“Domnishoara Boldea, mwanamke mwenye heshima zake hachungulii karata za mwenzake.”

“Na asiye nazo?”

“Huyo anaosha vyombo.”

Nikaosha vyombo. Sijawahi kuwa na raha kama ile, na sikumwambia mtu, maana nina jina baya la kulinda.

Sasa anaingia Mzee Haralambie.

Haralambie Spanu ni mstaafu wa reli. Miaka thelathini na miwili alisimama kando ya njia akihesabu mabehewa yanayopita, na hajawahi kukosea hata moja. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Mwezi wa kumi alileta tufaha kwa ajili ya jiko la shule. Tufaha zikaisha mwezi wa kumi na moja. Yeye akaendelea kuja.

Alikuwa akivua kofia mlangoni na kusema, “Siku njema, Domnishoara Aglaia,” analitamka neno lote bila kuliharakisha, kama anatangaza treni inayokuja kwa wakati. Na Domnishoara, ambaye sisi tulidhani ana sura moja tu, ikawa ana ya pili.

Kwanza tulikuwa watatu mezani. Kisha wao wakawa wawili mezani, na mimi niko hapo hapo. Mnaelewa tofauti.

Jumamosi moja mwezi wa pili walitoka kutembea. “Chapati ziko kwenye sahani, Domnishoara Boldea. Tunarudi sasa hivi.” Nilizila zote, sita, nikiwa nimesimama. Walirudi saa kumi, mashavu mekundu kwa baridi, wanacheka jambo la njiani ambalo hawakunisimulia.

Ni Catrinel, wa kitanda cha jirani, aliyenipa hukumu.

“Huyu anaolewa. Kwaresima ikiisha tu, anaolewa.”

“Miaka hamsini na minane?”

“Sasa unadhani kwa nini hataki kuitwa Doamna? Domnishoara maana yake mlango haujafungwa, we. Mzee amepita, ameona mwanga.”

“Basi atakuja aishi naye hapa.”

“Hapa wapi? Umesoma kilichobandikwa mlangoni pake? Chumba cha matroni ni cha mtu mmoja. Akiolewa anahama, analetwa mwingine. Na huyo mwingine atakuwa na watoto wake, Ijumaa anakwenda kwake kama watu.”

“Na mimi?”

Catrinel aliwaza kwa dhati. “Wewe utabaki na kondoo.”

Jioni ile ile Mama akapiga simu. Pasaka haji. Mzee wa Bergamo hajisikii vizuri.

“Mzee huyo hajawahi kujisikia vizuri, Mama.”

“Mwakani, kadudu. Naapa, mwakani.”

Nikasema sawa. Nina sauti maalumu ya kusemea sawa, nimeifanyia mazoezi miaka sita. Kisha nikapanda kitandani na kuanza kufikiri, na kila ninapofikiri mtu huumia.

Tarehe nane Machi, siku ya wanawake, ilikuwa Ijumaa. Kwetu siku hiyo hata mwanamume bahili kupita wote hushika ua. Mzee Haralambie alifika saa sita, suti ya kijivu, viatu vinang’aa, na shada la tulipu nyekundu alizozikata mwenyewe katika kibanda chake cha vioo. Alinikuta mimi ukumbini, niko zamu ya mlango.

“Binti, nishikie haya kidogo. Nywele zangu zikoje?”

“Zilizobaki ziko vizuri, Mzee.”

Alicheka, akaenda kujitazama kwenye kioo cha chooni.

Nikayahesabu. Saba.

Kwetu aliye hai hupewa maua witri: moja, tatu, tano, saba. Shufwa ni ya marehemu. Mbili, nne, sita huenda makaburini, wala hakuna mtoto wa miaka mitano asiyejua hilo. Na mji mzima ulijua pia kwamba Mzee Haralambie, kila Jumamosi asubuhi, hupeleka maua sita kwenye kaburi la mkewe.

Nikachomoa moja.

Nilisikia maji ya bomba yakifungwa chooni. Mfukoni halikuingia. Bua nilirusha dirishani. Ua lenyewe nililitia mdomoni, nikalitafuna na kulimeza. Tulipu ina ladha ya tango na dhambi.

Domnishoara alishuka ngazi amevaa blauzi yenye kola ya lesi. Bweni zima lilikuwa juu yake, limening’inia kwenye vyuma vya ngazi kama nguo za kuanikwa, mabegi ya kwenda nyumbani migongoni. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

“Siku njema, Domnishoara Aglaia. Heri ya siku yako.”

“Ahsante, Bwana Haralambie. Yamependeza.”

Akainamisha uso kuyanusa. Sasa, mwanamke wa kwetu hapokei maua bila kuyahesabu. Huyahesabu kwa jicho, wakati wa kunusa, wala huoni. Mimi niliona. Uso ulikaa pale ndani ya maua muda mrefu kuliko inavyostahili harufu ya tulipu, ambazo hazina harufu.

“Sita,” akasema.

“Saba, Domnishoara.”

“Hesabu.”

Alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena, anaanzia upande wa pili. Akayatenganisha moja moja kama mtu anayetafuta tiketi.

“Nilikata saba,” alisema, lakini sauti ilikuwa inauliza.

“Jumamosi hupeleka mangapi kule?”

“Sita.”

“Basi umekosea mlango, Bwana Haralambie,” Domnishoara akasema, taratibu, bila ukali hata kidogo. “Makaburini unapinda kushoto.”

Nilitegemea abishe. Nilitegemea apige kelele, aseme mtu kaiba, anitazame mimi. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Badala yake mzee aliinua mkono wake wa kulia, akauangalia kama mkono wa mtu mwingine.

“Labda umekwenda wenyewe,” alisema. “Miaka minne unakata sita. Labda…” Akaushusha. “Kaka yangu Toader alianza hivi hivi. Alianza kwa kukosea hesabu ya vijiko.”

Akavaa kofia. Akatoka. Maua aliyaacha juu ya kiti cha mlinzi.

Wasomaji wapendwa, nilikuwa nimeshinda.

Jumamosi tulibaki wawili, kama zamani. Domnishoara alikaanga chapati za maji. Aliniwekea jamu. Hakula. Tulicheza karata michezo minane na nilishinda yote, na katika mchezo wa tatu nilichungulia karata zake waziwazi, shingo nje kama bata, ili aseme.

Aligawa tena.

“Domnishoara, nimechungulia.”

“Eh? Haya. Cheza.”

Nilikuwa nimempata peke yangu, na hakuwepo.

Jumatatu likatokea la kutisha zaidi. Fundi bomba alikuja kurekebisha boila, jitu nene lisilojua habari zetu. Akaweka begi lake chini, akaita kwa sauti inayotikisa madirisha:

“Doamna! Boila iko wapi?”

Tukakaa tayari kwa burudani. Catrinel alishaanza kucheka.

“Chini, mkono wa kulia,” Domnishoara akajibu. “Angalia kichwa, dari ni fupi.”

Basi. Fundi akashuka. Catrinel akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

“Umesikia? Ameitika.”

“Hakusikia vizuri.”

“Sanziana. Ameitika.”

Siku ile wasichana wa kidato cha chini walikunja mashuka yao bila kuambiwa. Hatukujua tuliogopa nini.

Jumatano likabandikwa tangazo kwamba matroni ameomba kuacha kazi, anakwenda kuishi kwa dada yake, mjini Tulcha. Nilimkimbilia stoo ya mashuka.

“Unaondoka?”

“Umeshajifunza kusoma, naona.”

“Kwa nini?”

“Nimechoka.”

“Na mimi Pasaka nitakaa na nani?”

Alikuwa anaandika idadi kwenye karatasi. “Hilo lilikuwa na mpango wake,” alisema. “Mpango umekufa. Nitazungumza na mkuu wa shule.”

Mpango gani, hakusema. Nami, mwenye mdomo kuliko bweni zima, sikuuliza.

Ijumaa wenzangu walipoondoka niliruka ukuta nikaenda kwa Mzee Haralambie.

Nyumba yake iko ukingoni mwa mji, kando ya reli. Alifungua mlango amevaa suti ile ile ya kijivu. Sanduku dogo lilikuwa sakafuni.

“Binti wa mlangoni,” akasema. “Umenikuta kwa bahati. Kesho nakwenda Iashi, kwa daktari wa kichwa. Ingia, ila usiguse karatasi.”

Karatasi zilikuwa kila mahali. Zimebandikwa kwa gundi, zimeandikwa kwa herufi kubwa za mtu wa reli. SUKARI. CHUMVI. Kwenye jiko: ZIMA. Kwenye mlango wa nyuma: UFUNGUO UKO MSUMARINI.

“Za nini, Mzee?”

“Za baadaye. Toader hakuandika mapema. Alipotaka kuandika alikuwa ameshasahau kalamu ni kitu gani.” Alisema bila kujionea huruma, kama anayeeleza ratiba. “Sikutaka Domnishoara Aglaia aje kunifunga viatu. Ni bora alivyonifukuza. Unakunywa chai?”

Nilitaka kuanza vizuri. Nilikuwa nimetunga utangulizi njiani, wenye maneno “hali ngumu” na “umri wangu mdogo”. Ukanipotea wote.

“Niliila,” nikasema.

“Uliila nini?”

“Tulipu. Zilikuwa saba. Ulipokwenda kujitazama kwenye kioo nilichomoa moja, bua nikatupa dirishani, ua nikala. Zilikuwa saba, Mzee. Ulihesabu sawa.”

Alikaa. Kiti kilikuwa mbali kidogo kuliko alivyodhani, akakaa ukingoni.

“Saba,” alisema.

“Saba.”

“Uliziona kwa macho yako? Saba?”

“Nilizihesabu mimi mwenyewe.”

Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakaanza kutetemeka, nikadhani analia, na alikuwa analia, lakini alipoondoa mikono alikuwa anacheka pia, hovyo, kamasi zinamtoka, mzee wa watu.

“Wiki nzima nimejiaga!” alisema. “Wiki nzima! Nimeaga kuku! Nimeandika CHUMVI kwenye chumvi!”

Kisha kicheko kikakatika. Akanitazama, na nilitamani anipige.

“Nilikukosea nini, mtoto?”

Hapo nikageuza macho, maana sikuweza kuyaacha usoni pake, yakaangukia mlango wa mwisho wa ukumbi. Nao ulikuwa na karatasi. Iliandikwa kama nyingine, herufi kubwa, mstari umepigwa kwa rula:

CHUMBA CHA DOMNISHOARA BOLDEA. GONGA KWANZA.

Niliisoma mara tatu.

“Hicho nini?”

“Ni chumba.” Alijipangusa pua. “Kina meza na kitanda. Nilikipaka rangi mwezi wa kwanza. Aglaia aliniambia hawezi kuolewa na mtu anayeishi nyumba ya chumba kimoja, kwa sababu yeye ana mtoto wa kuja naye likizo na Jumamosi. Mama yako tulimwandikia, akakubali. Barua iko kabatini. Tulikuwa tukwambie siku ile ya tarehe nane, sote wawili, baada ya maua.”

Treni ya mizigo ilipita. Midomo yake ikawa inahesabu mabehewa yenyewe, bila yeye kujua, na ilipokwisha akasema, “Arobaini na moja,” kwa sauti ya chini, kisha akasimama na kuchukua kofia.

“Twende. Mimi nitasimama nawe. Lakini utasema wewe.”

Tulimkuta Domnishoara stoo ya mashuka, anafunga vitu vyake kwenye maboksi ya sabuni. Alimwona Mzee Haralambie mlangoni, akainua kidevu.

“Bwana Haralambie, wageni hawaruhusiwi ghorofani.”

“Najua, Domnishoara. Msikilize huyu.”

Nikasema. Safari hii nilisema yote, pamoja na kioo cha chooni.

“Na tulipu iko wapi?”

“Niliila.”

Alimtazama Mzee Haralambie, kama anauliza iwapo mtoto ana homa.

“Aliila,” mzee akathibitisha.

“Kwa nini?”

“Ukiolewa unahama. Catrinel alisema. Nilitaka ubaki.”

“Ungeniambia.”

“Ningesemaje?”

“Hivyo hivyo ulivyosema sasa.”

Aliketi juu ya boksi. Alikunja kitambaa cha mkono mara mbili, akakikunjua.

“Unajua nilifikiri nini wiki nzima? Nilifikiri nimekaa peke yangu mpaka nimekuwa mjinga wa kuletewa maua ya kaburi na kuvaa lesi kwa ajili yake, mbele ya watoto tisini. Nilimwitikia fundi bomba. Ulikuwepo. Nilimwitikia, kwa sababu niliona sina sababu ya kumkatalia.” Aliinua macho. “Na wewe Jumamosi ile ulikaa mbele yangu. Ukala chapati nne. Ukanyamaza.”

“Tano,” nikasema, kwa sababu nilikuwa natubu.

Hakucheka. “Wewe,” alisema tena. Si Domnishoara Boldea. Hakuna hata Boldea. Katika maisha yangu nimeitwa majina ya kila namna na sijayajali, lakini “wewe” ile iliniingia.

“Aglaia…” Mzee Haralambie akaanza.

“Domnishoara Aglaia, tafadhali,” akamkata. “Hatujafika huko.”

Mzee akavua kofia haraka. Nami niliona, naapa niliona, kidevu cha Domnishoara kikitetemeka kidogo, na sikujua kinataka kwenda upande wa kicheko au wa kilio.

“Barua yangu iko kwa mkuu,” alisema. “Ameikubali. Jumatatu anakuja matroni mwingine. Kwa hiyo mimi hapa si kitu tena, na nina haki ya kutoka nje mchana.” Alichukua koti msumarini. “Bwana Haralambie, tutatembea. Wewe utazungumza, kisha mimi. Sitaki mkono wako kwa sasa.”

“Na mimi?” nikauliza.

“Wewe nipe saa moja. Nataka kwenda kujua kama ninataka kukuona tena.”

Niliwatazama kwa dirisha la ghorofa ya tatu wakishuka barabara ya kwenda relini, makoti yote mawili meusi, yeye kando hii, mzee kando ile, barabara nzima katikati yao. Mpaka kwenye kona ya kiwanda cha matofali hakuna aliyekuwa amevuka.

Nilikaa kwenye kitanda cha karibu na dirisha, ambacho si changu. Vitanda tisini na sita, mtu mmoja. Nilijaribu kupiga mluzi, ukumbi ukanirudishia, nikaacha. Saa moja ikapita. Nikasema kwamba labda saa yake iko nyuma. Nusu saa nyingine ikapita. Nilifua soksi zangu zote. Jua likagusa paa la kiwanda.

Ndipo nikaona koti jeusi kwenye kona, linapanda barabara kuja shuleni.

Nilibandika paji la uso kwenye kioo. Palikuwa mbali mno, sikuweza kutambua kama ni kofia au kitambaa cha kichwa. Niliona vitu viwili tu. Alikuwa mtu mmoja, si wawili. Na alikuwa anakimbia. Mengine wiki ijayo.